Mji Nao ni Jabali

Mvua ya Novemba ikija Wote, makao makuu ya Makueni, haibembelezi. Upepo hugeuka, harufu ya vumbi lililoloa hutangulia, na ndani ya dakika 20 njia ya sokoni imekuwa kijito cha rangi ya matofali. Wauza nafaka huinua magunia ya ndengu na mbaazi juu ya meza, wa bodaboda hujibanza chini ya varanda za maduka, na mitaro iliyojaa chupa za plastiki hutema maji barabarani. Saa moja baadaye jua limewaka tena. Maji yote yale yamekwisha shuka mabondeni, njia ya Mto Athi, na mwenye punda anarudi mitaani kuuza maji kwa mtungi wa lita 20.

Mafuriko ya saa 1 na kiu ya miezi 5 ni tatizo moja. Tumezoea kuyatenga: mafuriko tumewapa wahandisi wa barabara, kiu tumewapa wa kampuni ya maji, na kila upande una bajeti yake na malalamiko yake. Katiba ya Kenya ya 2010 haikuyatenga. Katika Jedwali la Nne, kifungu kimoja kinachotaja kazi za umma za kaunti kinaweka pamoja mifumo ya kusimamia maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa na huduma za maji na usafi. Ni kazi ya serikali moja, imeandikwa mahali pamoja. Hoja ya makala haya ni kwamba Kitui na Makueni, kaunti mbili za Ukambani, zina ujuzi wote unaohitajika kuitimiza, ila ujuzi huo uko mashambani na haujaingizwa mjini.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu mjadala huu hugeuka kuwa wa kulaumu mvua. Chukua hekta 10 pembezoni mwa mji: shamba la matuta, nyasi kwenye kingo, miti michache. Mvua ya milimita 50 ikinyesha hapo huwa imeshusha mita za ujazo 5,000 za maji. Wahandisi wana kipimo wanachokiita kigawo cha mtiririko, yaani ile sehemu ya mvua inayokimbia juu ya ardhi badala ya kuzama. Kwenye shamba la namna hiyo kinaweza kuwa 0.2, kwa hiyo mita za ujazo 1,000 hukimbia na 4,000 hubaki. Sasa eneo hilo hilo ligawanywe ploti, liezekwe mabati, limwagwe lami na sakafu za zege. Kigawo hupanda hadi kama 0.8. Zinazokimbia ni 4,000 na zinazobaki ni 1,000. Mvua haikuongezeka hata tone. Tulichobadilisha ni ngozi ya ardhi.

Wingi huo ni nusu tu ya habari. Maji yaliyoangukia nyasi husafiri polepole, yakisimama kwenye kila kishimo. Yaliyoangukia bati huteremka dakika ile ile, huingia mtaroni, na ya mtaa mzima hufika kwenye kalavati kwa wakati mmoja. Kalavati lililojengwa kwa ajili ya shamba linadaiwa sasa kupitisha maji ya mji. Hata ploti iliyofyekwa na kuachwa ikisubiri fedha za ujenzi haisaidii. Matone mazito huuponda udongo mwekundu wa Ukambani na kuufanya ganda jembamba lililoshikana, na juu ya ganda hilo maji hukimbia karibu kama juu ya sakafu.

Kusini mwa Kitui, upande wa Mutomo, watu wameishi kwa muda mrefu na kitu kinachofanya kazi kama mji, ingawa hakikujengwa na mtu. Ni majabali, migongo mikubwa ya mawe matupu yanayotokeza juu ya nyika. Jiwe halinywi maji. Kwa hiyo kwenye majabali hayo, hasa wakati wa miradi ya maji ya miaka ya 1980, zilijengwa kuta fupi za mawe na saruji zikizunguka ubavu wa mwamba na kuongoza kila mkondo hadi kwenye bwawa au tangi lililoko chini. Jabali la hekta 1 likipata milimita 10 tu za mvua hutoa lita 100,000, ukitoa kiasi kidogo kinachobaki kulowesha jiwe. Hakuna anayelilaumu jabali kwa kutozamisha maji. Linachukuliwa kuwa mali. Paa za Wote, viwanja vya mabasi vya Kitui na lami ya Mwingi ni majabali ya aina hiyo. Tofauti ni kwamba hatukuyajengea zile kuta fupi.

Na ukosefu huo una gharama inayoonekana kwenye bili ya umeme. Mji wa Kitui hupata maji yake yakisukumwa kwa pampu kutoka bwawa la Masinga, na Mwingi hupata yake kutoka Kiambere, yote mawili mabwawa ya Mto Tana. Kila lita inapandishwa kwa nguvu za umeme katika kilomita nyingi za mabomba. Hakuna anayesema mabomba hayo yang'olewe, kwani mji hauwezi kuishi kwa mvua peke yake katika ukanda ambao masika hukosa mara nyingi na hata vuli, iliyo tegemeo la mkulima, huruka mwaka. Lakini nyumba ya mita za mraba 100 za paa, mahali panapopata milimita 600 kwa mwaka, huangukiwa na lita 60,000. Hata ukitoa sehemu inayorushwa na upepo na kumwagika kwenye gata, hubaki kama lita 50,000. Maji hayo yamekwisha fika mlangoni bila pampu.

Ukambani imewahi kusimama mbele ya swali la namna hii na kulijibu. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilitazama makorongo ya Machakos na Kitui ikaamua kwamba tatizo ni mifugo, ikaanza kunyang'anya ng'ombe. Mwaka 1938 Wakamba waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakapiga kambi huko mpaka amri ikalegezwa. Udongo uliokolewa baadaye kwa njia nyingine: vikundi vya mwethya, yaani kazi ya ujirani ya kusaidiana, vilichimba matuta shamba baada ya shamba, kilima baada ya kilima. Tuta la fanya juu, jina la Kiswahili ambalo leo limo katika vitabu vya kilimo vya dunia nzima, ni mfereji unaofuata usawa wa mlima, udongo wake ukitupwa upande wa juu na kupandwa nyasi. Maji yakishuka hugonga ukingo, hutulia, huzama. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti wao juu ya wilaya ya Machakos, wakihesabu ndani yake eneo ambalo leo ni Makueni, na matokeo yake yaliwashangaza wengi: tangu miaka ya 1930 watu walikuwa wameongezeka mara kadhaa, na mmomonyoko ulikuwa umepungua.

Mtoni ikafanyika kazi nyingine ya akili ile ile. Bwawa la mchanga ni ukuta wa mawe na saruji unaosimamishwa juu ya mwamba katikati ya mto wa msimu. Mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha katikati ya chembe zake. Kati ya asilimia 25 na 40 ya ujazo wa mchanga mzuri mnene inaweza kuwa maji. Faida yake kubwa ni dhidi ya jua: bwawa la wazi katika nyika hii hupoteza karibu mita 2 za kina kwa mwaka kwa mvuke peke yake, ilhali maji yaliyo chini ya mchanga, yakishapita kina cha nusu mita au zaidi kidogo, jua haliyafikii tena kwa urahisi. Shirika la SASOL pamoja na wanakijiji wamejenga mamia ya kuta hizo Kitui tangu miaka ya 1990. Makueni, kwa upande wake, ilitunga mwaka 2015 sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga, baada ya malori kuuchota kwa miaka mingi kupelekwa kwenye ujenzi wa miji. Sheria hiyo ni ya maji kama ilivyo ya mchanga, kwa kuwa mto uliokombwa hadi kwenye mwamba hauna pa kuwekea akiba.

Barabara ndiyo mahali ambapo mji na shamba hukutana, na hapo inafaa tukae kidogo. Barabara ya Kibwezi–Mutomo–Kitui–Migwani, inayoziunganisha kaunti hizi mbili, ina takriban kilomita 190. Tukihesabu upana wa mita 7 wa lami peke yake, mvua ya milimita 10 huzalisha juu yake zaidi ya mita za ujazo 10,000, au lita milioni 10. Maji hayo hayatoweki. Hukusanywa na mtaro wa kando, hupelekwa kwenye kalavati, na hutemwa upande wa chini. Ukisimama chini ya kalavati la namna hiyo msimu wa pili baada ya barabara kufunguliwa, utakuta kwanza dimbwi dogo lililochimbwa na maporomoko, kisha ufa wenye upana wa jembe unaoingia shambani kwa mtu. Msimu wa nne mtu mzima anaweza kusimama ndani ya ufa huo asionekane. Mizizi ya mwembe inaning'inia hewani upande mmoja, na upande wa pili mahindi ya mwisho yamejipanga ukingoni yakingoja zamu yao. Korongo hilo huendelea kula kuelekea juu, na siku moja huifikia barabara yenyewe.

Sasa tazama shamba la jirani ambaye aliyawahi maji. Amefungua mdomo mdogo kwenye mtaro wa barabara na kuupanga mawe ili usipanuke. Hatua chache ndani ameweka kishimo cha kutua matope, ambacho hukizoa baada ya kila mvua kubwa na kurudisha udongo shambani. Kutoka hapo mfereji unafuata usawa, uliopimwa kwa pimamaji iliyoning'inizwa kwenye uzi kati ya fito mbili, na unajaza tuta la kwanza, kisha la pili, kisha mashimo ya migomba. Mwisho wake kuna njia ya kumwagia ziada, iliyopandwa nyasi, ili mvua isiyo ya kawaida isivunje kazi yote. Mbinu hizi si siri. Erik Nissen-Petersen, mtaalamu aliyefanya kazi miaka mingi katika nyika ya Kenya, aliziandikia mwongozo mwaka 2006. Baadaye zikajaribiwa Kitui na Makueni pamoja na wakulima wa kando ya barabara. Na mwaka 2021 Benki ya Dunia ilitoa miongozo ya barabara zinazovuna maji. Vijito vidogo pia vina dawa yao. Badala ya kivuko chenye makalavati yanayoziba, hujengwa kivuko cha zege kisicho na matundu, ambacho kwa upande wa juu hugeuka kuwa bwawa la mchanga. Saruji ile ile inavusha gari na kuweka maji.

Kwa nini basi jambo lililo wazi hivi haliwi desturi? Sababu moja imo katika mkataba. Mkandarasi hulipwa kwa mita za mtaro alizojenga, na mkaguzi hupima mita hizo. Mahali mtaro unapoishia hapana kipimo wala malipo. Sababu nyingine ni mgawanyo wa mamlaka: barabara kuu ni za KeNHA, za miji ni za KURA, za mashambani ni za KeRRA, zilizobaki ni za kaunti. Maji huvuka mipaka hiyo yote katika mteremko mmoja, na mwenye shamba la chini hana ofisi hata moja inayoweza kusema kwamba yale maji ni yake. Hili linahitaji kurekebishwa kwa kalamu kabla ya kurekebishwa kwa sululu. Kila mchoro wa barabara au mtaro unaopita katika kaunti uonyeshe maji yanatemwa wapi, ni kiasi gani, na nani amekubali kuyapokea.

Mjini kwenyewe nyenzo ya kuanzia ni kibali cha ujenzi. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 inaipa kaunti uwezo wa kutoa ruhusa ya ujenzi na kuiwekea masharti. Sharti moja lingetosha kubadilisha mengi: jengo jipya lishike ndani ya ploti yake milimita 25 za kwanza za mvua. Kwa paa la mita za mraba 500 hiyo ni mita za ujazo 12.5, yaani tangi moja la lita 10,000 na mtaro wa kokoto wa kuzamishia kilichobaki. Gharama hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na ya jengo lenyewe. Philadelphia, Marekani, hudai zaidi ya hapo. Miradi mikubwa mipya huko inatakiwa kushughulikia karibu milimita 38 papo hapo, kwa sababu mji uliona ni nafuu kuliko kupanua mabomba chini ya barabara zake. Miji yetu ina nafasi ambayo Philadelphia haikuwa nayo. Sehemu kubwa ya Wote na Kitui bado haijajengwa.

Mambo mengine ni ya ufundi wa kawaida. Kabro zikipangwa juu ya kokoto na mchanga, bila kuzibwa saruji kwenye maungio, hupitisha maji. Zikizibwa huwa sakafu tu. Bustani na miti ya kando ya barabara ikiwekwa chini kidogo ya usawa wa lami hunywa mvua, lakini tumezoea kuiinua na kuizungushia ukingo wa zege, kisha tukalipa lori la maji kuinywesha kiangazi. Mpango wa Kusaidia Miji, KUSP, ulioanza miaka ya 2010 ukigharimiwa na Benki ya Dunia, uliruhusu kaunti kutumia fedha zake kwa mitaro ya maji ya mvua. Fedha za namna hiyo zikija tena, swali la kwanza lisiwe ni kilomita ngapi za mtaro zitajengwa. Liwe ni mita ngapi za ujazo zitabaki mjini.

Tahadhari zipo, na mtu mkweli hazifichi. Maji ya barabarani yana mafuta, vumbi la matairi na kinyesi cha mifugo. Yanafaa miti na migomba, hayafai kunywa. Ya paa ni bora zaidi, mradi mvua ya kwanza baada ya kiangazi imwagwe na tangi lifunikwe lisiwe kiota cha mbu. Kuzamisha maji karibu na vyoo vya shimo, ambavyo bado ni vingi katika miji hii, kunaweza kusukuma uchafu kwenye visima, kwa hiyo mahali pa kuzamishia lazima pachaguliwe na mtu anayejua visima viko wapi. Na hakuna tangi wala mtaro unaoweza kukabili kila mvua. China ilianza kueneza miji sifongo, yaani miji inayofyonza na kushika maji ya mvua, katika miaka ya 2010, na Zhengzhou ilikuwa mojawapo. Tarehe 20 Julai 2021 mji huo ulipigwa na milimita 201.9 kwa saa moja na mamia ya watu wakafa. Hatua za kushika maji hupunguza madhara ya mvua za kila msimu. Kwa ile inayokuja mara moja katika miaka mingi, kinga ni kutojenga kwenye njia ya maji na kuwa na madaraja ya kutosha. Mwingi inalijua hilo kwa uchungu: tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba watu waliokuwa wakienda harusini lilisombwa kwenye kivuko cha Mto Enziu, na zaidi ya watu 30 wakafa. Mto wa ukubwa huo unadai daraja refu, na kivuko cha chini hakiwezi kuwa mbadala wake.

Kinachotoka katika milima hii hakiishii Ukambani. Athi ukipita Tsavo huitwa Galana, ukifika pwani huitwa Sabaki, na kila msimu wa mvua bahari ya Malindi hugeuka rangi ya kahawia kwa udongo ulioletwa nao. Samaki na matumbawe ya huko hulipia makorongo ya huku.

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai, na vuli huanza Oktoba. Kuna miezi 3 katikati, msimu mkavu, mito ikiwa mchanga mtupu na vijana wengi wakitafuta kibarua. Inatosha kusafisha mitaro ya Wote, Kitui na Mwingi, kufungua midomo ya mashamba kando ya barabara, kufunga gata kwenye paa za shule na masoko yote yaliyo mjini, na kuandika lile sharti moja katika vibali. Waliochaguliwa kukaa kwenye mabunge ya Wote na Kitui waanze na lile sharti, kwa kuwa halihitaji hata shilingi moja ya bajeti.